Kuchagua mitamba ya nguruwe
Leo nimemaliza kuchagua mitamba, yaani nguruwe jike wachanga ambao hawajazaa bado, watakaobaki bandani kwa ajili ya uzazi, na nina furaha kweli. Kazi hii naipenda kuliko zote za ufugaji.

Watu wengi huangalia ukubwa wa mwili kwanza. Mimi huanza na chuchu. Nataka zisiwe chini ya 12, na 14 ndiyo furaha yangu, zilizopangika vizuri pande zote mbili, zisizodidimia ndani. Chuchu iliyodidimia haitoi maziwa, na kitoto kitakachoishika kitadumaa au kufa. Halafu miguu: namtembeza mtamba taratibu, nakiangalia kila kiungo, maana akianza kuchechemea hata kupandwa kutakuwa shida. Mama yake pia namkumbuka, alizaa wangapi na akakuza wangapi. Dume atatoka ukoo mwingine kabisa, hapo sina mjadala.

Kwenye chakula, mtamba wa uzazi simlishi kama wa nyama. Akinenepa sana hushika mimba kwa shida. Wiki mbili hivi kabla ya kupandishwa namwongezea chakula ili apevushe mayai mengi, kisha akishapandwa napunguza. Mahindi matupu hayatoshi, yana upungufu wa laisini (moja ya viini vya protini), kwa hiyo soya lazima iwemo. Mimba ni siku 114 hivi, na mwishoni chakula kinapanda tena. Akinyonyesha, ale ashibe, na maji yasikauke kabisa!

Wiki ijayo naanza kufuatilia joto lao, yaani dalili za kutaka dume, asubuhi na jioni.