Breki ya umeme ilivyonitoa jasho mteremkoni

Nilipoanza kutengeneza kontrola ya pikipiki yangu ya umeme, yaani kifaa kinachoongoza umeme kati ya betri na mota, fundi mmoja mwenye maneno mengi aliniambia breki ya kurudisha chaji ni waya mmoja tu: unga swichi ya breki, mota igeuke jenereta, umemaliza. Nikaunga. Kugusa breki mara ya kwanza, gurudumu la nyuma likajifunga mchangani, nikala mweleka. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi, na mota yangu iko huko huko nyuma. Nikaandika programu upya: breki ipande taratibu kwa nusu sekunde hivi, na ilegee pikipiki ikikaribia mwendo wa mtu kutembea.

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa bado. Betri yangu ina seli 20 za lithiamu zilizoungwa mfululizo, ikijaa inasoma volti 84. Asubuhi moja nimeijaza pomoni, safari inaanza na mteremko mrefu. Breki ikashika vizuri sekunde kama tatu, halafu ikapotea kama kamba iliyokatika. Bodi ya ulinzi wa betri ilikataa kupokea chaji zaidi, umeme wa mota ukakosa pa kwenda, volti zikaruka, na transista za kontrola (swichi zinazopitisha umeme wa mota), zinazohimili volti 100, zikaungua nne kati ya sita. Breki za kawaida ndizo zilizoniokoa, na bado kuna watu wananiuliza kama wanaweza kuzing'oa!

Kwanza nikaweka kikomo kimoja: betri ikifika volti 83, breki ya umeme iache. Ikawa vichekesho: breki inashika, volti zinapanda, inaachia, volti zinashuka, inashika tena. Pikipiki inatetemeka kama ina homa. Ndipo nikaifanya nguvu ya breki ianze kupungua kidogo kidogo kuanzia volti 82, ifike sifuri kwenye 83.5. Ikatulia.

Ujanja ninaojivunia ni huu: nilichukua eksileta ya kidole gumba kutoka kwenye mabaki, nikaifunga mkono wa kushoto. Kihisio chake kinatoa volti 1 hadi 4, basi nabonyeza breki kiasi ninachotaka. Usisahau kuiunga na taa ya breki. Mimi nilisahau, nusura nigongwe nyuma.

Umbali ninaokwenda kwa chaji moja haujaongezeka sana. Nishati ya kurudisha ukisimamisha kilo 180 kutoka kilomita 50 kwa saa ni chini ya wati-saa 5, kabla hujatoa kinachopotea njiani. Ila pedi za nyuma sijazibadilisha tangu wakati huo.