Jedwali letu kwenye makala ya wengine

Jamani, nimeumia. Nipo hapa Moshi nasoma makala mpya ya jarida moja, nakuta jedwali letu la uzito wa watoto wachanga limehamishwa zima zima, hadi desimali. Jina letu halipo popote. Nimemwandikia mhariri, nikaambatisha data ghafi. Kajibu kwamba waandishi watajieleza kwanza. Wasiporidhisha, chuo chao kitaandikiwa kichunguze. Sawa, mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Ila muda! Jarida la tiba The Lancet lilichapisha makala ya daktari Mwingereza, Wakefield, iliyohusisha chanjo na usonji mwaka 1998, likaifuta 2010. Miaka 12 wazazi wanaogopa kuchanja watoto! Hii ya kwetu bado ipo mtandaoni bila hata alama ya tahadhari. Aliyewahi kufuatilia jambo hili hadi mwisho, naomba anielekeze.