Siku Moja Maishani Mwangu: Vikopo vya Mkojo na Neno "UTI"

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua maabara ya kituo chetu cha afya hapa Pemba na kukagua kichupa cha vijiti vya kupimia mkojo, kwani kijiti kilichopitwa na tarehe au kuingia unyevu hutoa majibu yasiyoaminika.

Saa 2:15. Vikopo vinaanza kuingia. Kila mgonjwa namweleza kwamba ajisafishe, auache mkojo wa mwanzo uende, kisha akinge wa katikati. Wengi huitikia, halafu hurudi na kikopo kilichofurika.

Saa 3:00. Mama wa makamo ananipa karatasi ya wiki iliyopita, isiyo na neno ila "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. "Mwanangu, dawa nimezimaliza na bado naamka usiku mara nne kwenda haja." Nachovya kijiti na kusubiri dakika mbili kamili: seli nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, plasi moja (kiwango kidogo); nitraiti, dalili ya bakteria, hakuna. Kwenye hadubini naona seli bapa tele za ngozi, ishara kwamba mkojo umechanganyika na uchafu wa nje, na hapo plasi moja haithibitishi maambukizi. Namwomba kikopo kingine. Safari hii seli nyeupe hazipo, lakini sukari inasoma plasi tatu. Kwa kawaida figo huanza kupitisha sukari pale inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, kwa hiyo namwandikia daktari kwamba apimwe damu leo hii.

Saa 4:40. Kutoka kliniki ya wajawazito: mimba ya wiki 32, protini plasi mbili. Sikuituma karatasi ya majibu, niliipeleka kwa miguu yangu, maana protini ikiambatana na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 huashiria hatari ya kifafa cha mimba. Muuguzi alipima akapata 150/100.

Saa 6:30 mchana. Mvulana mwenye damu kwenye mkojo. Nilimwambia aje saa hizi kwa makusudi, kwa kuwa mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne na saa nane. Nayaona mawili, kila moja na mwiba wake nchani.

Saa 9:10. Wakati najaza daftari, yule mama anarudi na majibu ya damu: sukari 17.

"Kwa hiyo UTI sina?"

"Huna, mama. Daktari anakusubiri chumba cha pili."