Ile siku ya tapeti kava

Juzi nipo kwenye foleni, mbele yangu gari moja ya kizamani inatoa kamoshi kembamba pembeni ya boneti, eksozi yenyewe wala haitoi kitu. Harufu ikaingia dirishani, mtoto kule nyuma akauliza kinachonuka ni nini, nikamjibu hata sijageuka: tapeti kava hiyo, kile kifuniko cha juu ya injini, kinavuja, oili inadondokea manifodi ya eksozi, bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini, inaungua. Akasema umejuaje na hujafungua? Nikaanza kumweleza, kufika katikati nikamcheki kwenye kioo ameshalala. Basi mtasikiliza nyie.

Aliyenifundisha ni mjomba. Enzi hizo ana pikapu ya kabureta, tapeti kava yake ya bati, gasketi yake, ile ya kuzuia oili isipenye kwenye maungio, ya koki kama kizibo cha chupa, na kila ikilala asubuhi unakuta doa chini, pale pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi wake akaingia uvunguni, akakaa huko weee, akatoka anafuta mikono: mzee, sili ya nyuma ya krenki imekufa, hapa giaboksi lazima ishuke. Wanaojua wanajua, ile sili yenyewe, mpira wa kuzuia oili pale krenki inapotokea nyuma ya injini, ni kitu kidogo tu, hela yote inaenda kwenye kuifikia. Mjomba akasema sawa fundi, nitakuletea Jumamosi.

Jumamosi hakuipeleka popote. Aliniamsha mi, akanipa tochi na kitambaa, akasema mpwa, leo wewe macho mi mikono. Injini ilikuwa imepoa usiku kucha. Kwanza hakwenda chini kabisa, na hiki ndo kitu nilichokiona cha ajabu, maana doa lilikuwa chini. Akafungua boneti, akapitisha kidole nyuma kabisa ya tapeti kava, upande wa dashbodi ambako hata tochi inaingia kwa shida, kidole kikatoka kimelowa. Akashuka nacho taratibu nyuma ya silinda hedi, nyuma ya bloku, kote kumelowa, kote pana vumbi lililoshikamana na oili, hadi pale giaboksi ilipoanzia. Oili inavuja juu kabisa, inateremka ukutani kwa siri, inakuja kujikusanya kwenye maungio ya giaboksi ndo inadondoka. Ukilala chini ukaangalia, kiukweli utaapa ni sili ya krenki.

Akafuta kote kukavu kwa petroli kidogo, akaiwasha ikanguruma kama nusu saa hivi, nikamulika. Ukaja mstari mwembamba unang'aa, unaanzia kwenye kona ya kava. Chini yake pote bado pakavu. Mjomba hakusema kitu, aliguna tu.

Ikapoa tena, tukafungua. Waya za plagi pembeni, chujio ya hewa pembeni, bolti hizo, kava haitoki. Kuna mtu alishawahi kupita pale na silikoni akaimwaga juu ya gasketi kuukuu, imeshika vibaya mno. Mjomba akaigongagonga ubavuni kwa mpini wa nyundo mpaka ikaachia, nikaona kwa mara ya kwanza roka, vile vyuma vinavyobonyeza vali, zimejipanga na kamshafti, shafti inayozisukuma, chini yake, vyote vina rangi ya hudhurungi ya oili iliyozeeka. Kabla sijaangalia vizuri akafunika kote kwa vitambaa. Vipande vya koki na nyuzi za silikoni vikiingia kwenye matundu ya kurudishia oili vinashuka mpaka sampu, bakuli la oili chini ya injini, vinaenda kuziba kichujio cha pampu, halafu injini inakufa kwa kiu huku oili ipo imejaa. Alinikataza bisibisi pia, ile hedi ni alumini, ukiichora mkwaruzo umejitengenezea mfereji mwingine wa kuvujia. Tukakwangua na kipande cha plastiki. Hiyo kazi inachosha nisiwadanganye.

Sasa hapa ndo ninapopakumbuka kuliko kote. Alichukua kile kioo cha dirisha la zamani, akakilaza juu ya meza, akaiweka kava juu yake, akaniambia inama. Nikainama jicho likawa usawa wa kioo. Kava iligusa kwenye matundu ya bolti tu, kati ya tundu na tundu nikaona mwanga unapita, unapita kabisa, ungeweza kupenyeza karatasi. Akabonyeza pembe moja, ya pili ikanyanyuka. Akasema ona, hii wameikaza mpaka imenuna.

Yaani kila aliyeona inavuja alikaza. Na bati ukilikaza sana linabonyea pale kwenye bolti, likibonyea pale linanyanyuka katikati, oili inapata mlango, inavuja zaidi, anakuja mwingine anakaza tena. Bolti nyingi za tapeti kava zinataka kama Nm 5 mpaka 10 hivi, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, nati za tairi zinaenda kwenye 100, sasa mtu anatumia mkono ule ule kwa zote mbili unategemea nini.

Akaipindua kava tumbo juu, ukingo ukalalia gogo la mbao, akaanza kugonga kila tundu kutokea upande wa gasketi. Kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi, tk tk tk, anasimama, anapitisha kidole gumba, anagonga tena kimoja. Anairudisha kwenye kioo, ananiambia inama, mwanga bado, anaitoa. Jua limeshapanda, mi nina njaa, yeye hana haraka kabisa na mtu ambaye nilishamwona akifokea hadi redio. Kuna tundu moja la kona, lile la mstari unaong'aa, alilirudia mpaka nikadhani bati litachanika. Mwisho akaiweka juu ya kioo akabonyeza pembe zote, haikucheza. Nikainama, giza. Akainama na yeye, vichwa vyetu vikagongana.

Yaliyobaki yalienda haraka. Gasketi mpya akaipaka gundi upande wa kava tu, upande wa hedi akauacha mkavu ili siku nyingine itoke bila vita. Bolti akazianza kwa vidole zote, halafu kutoka katikati kwenda nje, robo robo, ameshika spana fupi kwa vidole vitatu. Nikasema mjomba hiyo si imelegea? Akasema hiyo imekaa.

Eh, na kabla ya kufunga boneti akachomoa kile kivali cha kupumulia, PCV, ambacho magari yanacho tangu miaka ya 1960 na watu hawakigusi. Akakitikisa sikioni kwangu. Kikiwa kizima kinacheza ndani kwa sauti, hiki kilikuwa kimya, kimejaa tope la oili. Injini ikikosa pa kupumulia presha inajaa ndani na inasukuma oili kwenye gasketi yoyote iliyo dhaifu, kwa hiyo hata ungeweka gasketi ya dhahabu. Akaweka kipya. Asubuhi yake chini pakavu.

Haikupita muda breki zikaanza kupiga kelele. Akaipeleka wapi? Kwa fundi yule yule. Mi nimekaa kiti cha pembeni nachemka. Fundi akainama uvunguni, akatoka anashangaa: mzee, mbona ile sili haivuji tena? Mjomba akasema imeacha yenyewe. Fundi akatikisa kichwa, akasema kuna zingine hujirudi. Mjomba akasema eeh, inawezekana.

Njiani nikalipuka. Si alitaka kukushushia giaboksi bure huyu? Kwa nini hukumwambia? Mjomba akabadilisha gia, akasema breki anazijua.

Sijui. Miaka imepita, nimeshalala chini ya magari mengi yanayovuja namna ile, na kutokea chini kweli inaonekana kama krenki, hata ukijua. Labda yule jamaa aliangalia pale alipozoea kuangalia. Ila kuna siku nawaza, fundi wa miaka yote ile, hajawahi kupitisha kidole nyuma ya kava? Niliwahi kumrudishia mjomba hilo swali nikiwa mtu mzima na funguo zangu mwenyewe mfukoni, nikitegemea sasa ataniambia ukweli wake. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Kwani zile breki zilisumbua tena?"

Hazikusumbua.