Benzeni kwenye pumzi ya kila mtu: jinsi nilivyoiondoa

Katika utafiti wetu wa kemikali za pumzi hapa Bukavu, grafu zilileta kioja: wagonjwa na wazima, wote walitoa benzeni na tolueni, kemikali za moshi na petroli. Hata mama asiyewahi kugusa sigara! Mashine ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa hewa ya chumba: moshi wa makala, jenereta ya jirani, pikipiki barabarani.

Pumzi hubeba mamia ya kemikali kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling aliripoti karibu 250. Zile za mwili wenyewe, kama asetoni inayotokana na ini kuchoma mafuta, huchanganyika na ulichovuta muda mfupi uliopita.

Basi nikampa kila mtu barakoa yenye kichujio cha makaa amilifu (ndiyo, makala tena, safari hii upande wetu), apumue taratibu dakika kadhaa kwanza. Kisha tunatupa mwanzo wa pumzi: mililita 150 hivi ni hewa ya koo na mirija, haijafika ndani ya mapafu. Tunatazama kipimo cha kaboni dayoksidi. Ikipanda na kutulia karibu asilimia 5, hewa ya ndani ya mapafu imefika, ndipo mfuko wa kukusanyia pumzi unafunguliwa. Pamoja na kila sampuli, tunachukua ya hewa ya chumba.

Tolueni ikashuka chini kabisa ya ile ya chumba. Asetoni ikabaki, hasa kwa waliofunga. Benzeni ya wavuta sigara ni mkaidi, kwani imejificha kwenye mafuta ya mwili na hutoka polepole. Hao tunawaandikia saa ya sigara ya mwisho.