Nilivyofunga simu za ofisi baada ya kuibiwa, na watu wa Malaba na Mombasa bado wanapiga kama wako Kampala

Wiki iliyopita jirani yetu wa ofisi ya juu hapa Nakawa, Kampala, alikuja kuniuliza, anataka simu ya ofisi imfuate hata akiwa nyumbani Mukono, na kabla sijajibu akaongeza kwamba fundi ameshamwambia ni kazi ya dakika tano, unafungua poti 5060, yaani ule mlango ambao simu za intaneti hupitia, kwenye rauta basi. Nilimkalisha chini. Huo ni ushauri ule ule tuliopewa sisi, fundi akalipwa pesa yake akaenda zake, hasara tukabaki nayo. Nilimwelezea mpaka chai ikapoa, nikaona bora niandike na wengine wasome.

Sisi ni watu wa kliaringi, tunatoa mizigo ya wateja forodhani. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze 2014 ushuru unalipwa huku Kampala wakati kontena bado liko bandarini Mombasa, kwa hiyo kijana wetu wa Mombasa, yule wa Malaba mpakani na sisi wa ofisini tunaongea siku nzima, nipe namba ya entri, hii hati ya shehena imekosewa uzito, lori limefika wapi. Bosi wetu Haji alichoka na pesa za vocha akataka kila mtu awe na ekstensheni, yaani namba fupi ya ndani ya ofisi, popote alipo, mteja anapiga namba moja ya Kampala, anabonyeza 2, simu inalia Malaba. Wazo zuri sana na mpaka leo nalitetea. Sava ni kompyuta ndogo yenye Asterisk na FreePBX, programu za bure za kuendesha simu za ofisi, imekaa kabatini chini ya rauta, na laini za nje tunanunua kwa kampuni moja, unaweka salio kwanza ndo unapiga.

Fundi alifungua poti 5060 na zile za sauti 10000 mpaka 20000, akawawekea vijana programu ya simu kwenye Android zao, ikafanya kazi, tukapiga makofi.

Jumatatu moja asubuhi dada wa mapokezi ananiambia simu zinaingia lakini hazitoki. Naangalia salio: sifuri. Ijumaa jioni nilikuwa nimeweka mwenyewe, kama milioni moja na kitu. Nikafungua rekodi za simu na hapo ndo mikono ikaanza kutetemeka, maana kuanzia Jumamosi saa saba usiku ekstensheni 204 imepiga simu mfululizo, nne nne kwa wakati mmoja, kwenda nchi ambazo hatujawahi kutoa mzigo wake hata katoni moja. 204 ni simu ya stoo. Stoo Jumamosi usiku ina kufuli na askari amekaa nje.

Haji aliniuliza jambo moja tu, "Mwanangu, nani aliingia stoo?" Nikamwambia Haji, hakuna aliyeingia, wameingia kupitia intaneti. Alinyamaza muda mrefu. Ule unyamavu wake ndo ulinifanya nikalale na hii kazi wiki tatu.

Wizi wenyewe uko hivi. Kuna roboti zinazunguka intaneti yote usiku na mchana zikibisha hodi poti 5060, zikipata sava ya simu inayojibu zinaanza kubahatisha ekstensheni, 100, 101, 102, na neno la siri lile lile 100, 101, 102. Nilikaa na laptopu nikiangalia logi, ile kumbukumbu ya sava ya kila anayebisha, inavyoshuka, mistari haikomi, mingi inajitambulisha kabisa kwa jina la friendly-scanner, kila sekunde wanajaribu. Na neno la siri la 204 lilikuwa 204, fundi ndo aliliweka hivyo "ili msisahau". Wakishapata moja wanapiga namba za bei ghali sana huko nje, na mwenye namba hizo anagawana nao pesa unayolipa wewe. Ndo maana wanakuja wikendi usiku, hakuna wa kuona. Na mshukuru Mungu kama laini zenu ni za salio la mbele, sisi hasara ilisimama salio lilipoisha, angekuwa mtu wa kulipa mwisho wa mwezi angepelekewa bili ya kuuza gari.

Sasa ushauri ukaanza kumiminika. Wa kwanza akasema badilisha maneno ya siri. Nikabadilisha, marefu, herufi ishirini na kitu, hilo ni lazima na sina ugomvi nalo. Wa pili akasema hamisha poti, toa 5060 weka ingine wasiyoijua. Nikahamisha. Siku sita logi ilikuwa kimya kama msikiti baada ya isha, nikaenda kwa Haji kifua mbele, siku ya saba wakarudi kama hawajawahi kuondoka. Roboti inapita poti zote, kuhama poti ni kuhamisha mlango upande wa pili wa nyumba huku umeuacha wazi. Wa tatu akaniambia weka fail2ban, ile programu ya kufungia anwani ya intaneti (IP) ikikosea neno la siri mara kadhaa. Inasaidia kweli na mpaka leo ipo, ila wale wana anwani nyingi, unafungia hii wanakuja na ile.

Wa nne ndo alinipotezea muda zaidi. Alisema kwenye faiawoli, ule ukuta wa ulinzi wa rauta, ruhusu anwani za watu wako tu, wengine wote kataa. Ukisikia unaona ni jibu kabisa. Nikampigia kijana wa Malaba, nitajie anwani yako ya IP, akanitajia, nikaandika, simu ikaungana, saa tisa imekatika. Anwani imebadilika. Nikaandika ingine, kesho yake imebadilika tena, na akivuka upande wa Kenya kidogo laini inashika mtandao wa pili ndo hakuna kabisa. Halafu nikaja kuelewa kitu kibaya zaidi, kwamba data ya simu za mkononi haikupi anwani yako peke yako, wateja wengi wanatoka nje kwa anwani moja ya kampuni, kwa hiyo kila nikiandika anwani ya kijana wetu nawaruhusu na watu wengine nisiowajua wanaotumia ile ile. Nikafuta yote siku hiyo hiyo.

Kilichotuokoa ni VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, na hapa naomba usikilize vizuri maana Uganda neno hili tunalo kichwani kwa maana ingine. Sisi tulijifunza VPN Julai 2018 ilipokuja ile kodi ya OTT ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, tukaitumia kuikwepa, halafu Facebook ilipofungwa Januari 2021 kila mtu akaweka zake za bure. Mmoja ofisini akaniambia kwa nia njema, "si wawashe tu ile ya Facebook?" Hapana. Ile inakupitisha kwenye sava ya mtu usiyemjua huko nje, haikuleti ofisini kwako. Ninayosema mimi mlango wake uko kwenye rauta yenu na funguo mnazigawa nyie.

Nilitumia WireGuard, programu ya VPN ya namna hiyo. Rauta yetu ni MikroTik, ilikuwa toleo la 6 na WireGuard imo kuanzia la 7 kwa hiyo nikapandisha toleo kwanza, kutengeneza funguo ni kazi ya jioni moja, maelezo yamejaa mtandaoni. Nilichopenda ni kwamba mtu asiye na ufunguo akibisha hajibiwi chochote, hata "hapana" hapewi, roboti inapita inaona ukuta mtupu. Kisha nikafunga 5060, nikafunga 10000 mpaka 20000, nikafunga na ule ukurasa wa kusimamia FreePBX ambao fundi alikuwa ameuacha wazi kwa dunia nzima. Logi ikanyamaza, na mpaka leo iko kimya.

Simu ya kwanza kutoka Malaba ikalia mezani kwangu, nikainua kwa furaha, "Haloo!" Kimya. "Haloo, unanisikia?" Kimya, halafu ikakatika. WhatsApp ikaingia: bro mi nakusikia vizuri sana we mbona hujibu. Tukarudia. Yeye ananisikia, mimi simsikii, inakatika. Fundi mmoja niliyempigia akasema ni mtandao wa Malaba mbovu, nunueni bando kubwa. Kijana wa watu akanunua bando, akanunua na laini ya kampuni ingine, akahama kutoka yadi ya malori mpaka karibu na benki, wapi. Siku mbili tuko hapo.

Siku ya pili usiku nikaanza kuhesabu. Simu inakatika sekunde ya 32. Ya pili, 32. Ya tatu, 32. Nikasema mtandao mbovu hauna saa, mtandao mbovu unakata leo ya kumi kesho ya hamsini, hii inayokata 32 kila mara ni mpangilio. Nikawasha logi ya kina nikasoma ujumbe ambao sava inamtumia kijana anapopiga, na mstari mmoja ukanitolea macho, unaoanza c=IN IP4, mbele yake imeandikwa anwani ya nje ya ofisi. Yaani sava ilikuwa inamwambia simu ya kijana "sauti yako nitumie huku nje", na huku nje nimeshafunga mwenyewe! Sauti yangu inafika kwake kupitia VPN, yake inaenda kugonga mlango uliofungwa, na hata ile salamu ya kuthibitisha kwamba simu imepokelewa inapotelea hapo hapo, sava ikingoja sekunde 32 bila kuipata inakata.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Kwenye mipangilio ya SIP (lugha ya simu za intaneti) ya FreePBX kuna sehemu ya mitandao ya ndani, ilikuwa na 192.168 ya ofisi peke yake, nikaongeza mtandao wa VPN, 10.77.0.0/24, ili sava ijue hawa nao ni wa ndani isiwape anwani ya nje, nikahifadhi, nikawasha sava upya. Saa tano usiku nikampigia, akapokea na usingizi, "Haloo bosi", nikamsikia mpaka mbwa anabweka nyuma yake. Tukaongea dakika nane za bure tu, sikutaka kukata.

Mambo mengine madogo. Kwenye WireGuard weka PersistentKeepalive 25, yaani itume ishara kila sekunde 25, bila hiyo simu ikikaa kimya kidogo mtandao wa mkononi unasahau njia na mteja akipiga hailii. Zima ile ya Android ya kubana betri kwa WireGuard na kwa programu ya simu, zote mbili. Kwenye AllowedIPs, orodha ya anwani zinazopitia VPN, andika mtandao wa ofisi na wa VPN tu, la sivyo YouTube yote ya vijana itapita kwenye intaneti ya ofisi. Data, kwa sauti ya kawaida dakika moja inakula kama MB moja na nusu ukijumlisha kwenda na kurudi, ukichagua kodeki (namna ya kufunga sauti) ya kubana kama G.729 inashuka kama nusu. Na simu za nje ya nchi nimezifunga kwa ekstensheni zote isipokuwa mbili, na hizo mbili ni Kenya, Tanzania, Rwanda, Dubai na China tu, usiku hakuna. Hata mwizi akiingia leo karibu hana pa kupiga.

Lakini kuna moja lilinisumbua karibu wiki. Kijana wa Mombasa anapatikana vizuri, wa Malaba kila saa saba mchana anapotea, saa nane anarudi. Nikakagua rauta, nikakagua funguo, mwisho nikamuuliza, mdogo wangu, saa saba unafanya nini? Anakula, na akila anawasha VPN yake ya Facebook. Android inakubali VPN moja tu kwa wakati mmoja, ukiwasha ya pili ya kwanza inazimwa bila kelele. Tulikubaliana saa saba mpaka nane simu zake zinaenda kwa mapokezi, ale na Facebook yake kwa amani, ana haki.

Mwezi uliopita huyo huyo akaibiwa simu stendi ya Malaba. Alinipigia kwa simu ya dereva, sauti imeisha, "bosi wamechukua, na ofisi yote iko mle ndani." Kila mtu nilimpa ufunguo wake peke yake, nilikataa kabisa ule ushauri wa kutumia mmoja wote, kwa hiyo nikafungua rauta nikafuta ufunguo wake nikiwa bado nampa pole, nikabadilisha na neno la siri la ekstensheni yake. Jioni akanunua kasimu kengine, nikamtumia msimbo wa QR wenye ufunguo mpya, akauskani. Saa kumi na mbili kasoro simu ya mezani kwa Haji ikalia, ni yeye, anataka kujua lile lori la sukari wamelilipia au bado.