Dokezo la Mpaka

Swali la tatu nililijua. Mwandikie Katibu Tawala wa Wilaya dokezo kuhusu mgogoro wa wakulima na wafugaji, upendekeze hatua za kuchukua. Mwaka uliotangulia nilikuwa mafunzoni kwenye masjala ya halmashauri, na majalada ya migogoro hiyo yalipita mikononi mwangu kila siku, mengine yamevimba hadi hayafungiki. Nilijua nani anaanza kuitwa, kikao cha vijiji viwili kinaitishwaje, mpima ardhi anaingia lini.

Ila jibu lilitakiwa kwa Kiingereza.

Ilikuwa 2019, Dodoma, usaili wa mchujo wa Afisa Tawala Daraja la II. Niliandika "Kindly refer to the heading above", sentensi niliyokaririshwa Kidato cha Pili, ikatoka yenyewe kama salamu. Hapo kalamu ikasimama. Nilitaka kusema kwamba wafugaji hawakuvamia mashamba, bali njia yao ya mifugo ndiyo iliyolimwa. Kwa Kiswahili hiyo ni pumzi moja. Kwa Kiingereza niliwapata wafugaji, nikayapata mashamba, nikakosa namna ya kuonyesha kwamba kilichoingiliwa ni njia. Nikakata. Nikaandika tena, nikakata tena, mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe nikaandika kwamba wafugaji waliingia mashambani, maana hiyo ndiyo sentensi niliyoiweza. Nikageuza ukweli wa jambo ninalolijua kwa kukosa maneno ya kuusema.

Hilo linaniuma kuliko alama 41 nilizopata.

Watu husema vijana wa siku hizi hawasomi. Nilisoma. Miaka saba ya msingi kila somo lilikuwa kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Januari iliyofuata nikakuta kila somo kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili. Mwalimu alijaza ubao notsi, sisi tukanakili, kisha akageuka kutueleza kwa Kiswahili ili tuelewe. Simlaumu, darasa lilikuwa na watu wengi na hapakuwa na njia nyingine. Lakini miaka minne nilinakili sentensi za wengine na kuzikariri kwa ajili ya mtihani. Siku ya kuulizwa "wewe unaonaje?" haikuwahi kufika. Ilifika ukumbini Dodoma, saa ya ukutani ikihesabu.

Na masjala nzima ile, madokezo ya migogoro ya vijiji niliyoyaona yote yalikuwa ya Kiswahili. Tangu 1967 Kiswahili ni lugha ya shughuli za Serikali. Kazi yenyewe ningeifanya kwa Kiswahili.

Stendi, nikisubiri basi la Morogoro lijae, niligeuza barua ya kuitwa kwenye usaili, nikaandika dokezo lile lile nyuma yake kwa Kiswahili. Halikuchukua hata nusu saa. Mzee aliyeketi pembeni yangu alikuwa akichungulia tangu aya ya kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo habari ni ya wapi, mjukuu wangu?"

Nikamwambia ni ya mtihani tu. Akanyoosha mkono, nikampa. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, hadi pale penye njia ya mifugo. Akarudia hapo mara mbili. Aliposhuka Kibaigwa aliomba aondoke nayo, akaikunja na kuitia mfuko wa shati.